Kichuguu cha Shangazi Taaka

Watu wa Bunyala wana subira ya kila kitu isipokuwa kumbikumbi. Mvua ya masika ikichelewa hata wiki moja, hawaingoji. Wanaitengeneza wenyewe. Hufunika kichuguu kwa shuka, huacha tundu moja upande wa chini, hutega sufuria chini ya tundu, kisha huketi na vijiti mbele ya gogo kavu na kuanza kupiga, polepole kwanza kama manyunyu, halafu kwa nguvu. Mchwa huko ndani husikia ardhi ikitetemeka, na kumbikumbi hutoka na mabawa yao mapya wakidhani siku yao ya arusi imewadia. Wanaishia kikaangoni, maskini. Hila hiyo ni ya tangu enzi, wenyewe huiita kupiga mvua, na haikuwahi kumletea mtu balaa mpaka mwaka ninaousimulia.

Nabwire alipofika kwa shangazi yake Jumanne ile, saa tisa alasiri, mvua ya uongo ilikuwa imeshika kasi. Wanawake watano walikuwa wamekizunguka kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, kichuguu kirefu kuliko mlango, kimefunikwa shuka la maua mekundu. Shangazi Taaka ndiye aliyeshika vijiti. Alikuwa na miaka sitini na minane, mwembamba, na ulimi wake haukujua kupumzika.

"Mkwe wa kenge huyo amefika!" akasema bila kuacha kupiga. "Umewaacha wapi wenzako?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nabwire akacheka pia, maana utani huo ulikuwa na miaka kumi na miwili, sawa na kazi yake ya kuwafuatilia kenge wa mto.

"Nimekuja kusalimia, shangazi."

"Kusalimia na buti za matope? Na hicho kidude shingoni? Haya, salimia basi, halafu useme kilichokuleta."

Kidude chenyewe kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati, kimebandikwa kwenye ngozi chini ya koo. Kiliitwa kiapo. Nabwire hakukivua hata akioga, na kweli hakuja kusalimia tu. Kwa siku tatu mfululizo kenge waliyemwita Bi Mkubwa alikuwa akirandaranda kwenye ukingo wa matete, kichwa kimeelekea kilima hiki. Hivyo ndivyo ilivyosema alama iliyopandikizwa chini ya ngozi ya shingo ya kenge huyo. Nabwire alitaka kujua anatafuta nini. Au tuseme ukweli, alitaka sana kisiwe kile alichokuwa anakiogopa.

Kenge wa kawaida kila mtu anamjua, yule mwizi wa mayai ya kuku, ambaye watoto humkimbiza kwa mawe na watu wazima hutumia jina lake kutukanana. Bi Mkubwa hakuwa huyo. Miaka zaidi ya thelathini nyuma mamba waliisha katika mto Nzoia, na mafuriko yakawa yanakuja mara mbili kwa mwaka. Mizoga ya ng'ombe na viboko ikajaa kwenye matete, na hakukuwa na wa kuila. Ndipo ikazuka homa ya mizoga. Baba yake Nabwire aliugua Jumapili akazikwa Ijumaa. Wataalamu wa taasisi moja wakamchukua kenge wetu, wakamchanganya damu na binamu yake mkubwa wa visiwa vya mashariki ya mbali, wakapata mnyama wa mita nne na nusu mwenye tumbo lisilojua ugonjwa. Wakaachilia arobaini. Wakala mizoga yote, homa ikakatika. Watu walishukuru kwa muda wa kama mwaka mmoja hivi, halafu wakaanza kuwaua.

Sasa walibaki tisa, na jike anayetaga alibaki mmoja tu, Bi Mkubwa.

"Onja," Shangazi Taaka alisema, akamnyooshea kumbikumbi wawili waliokuwa bado wanapapatika. Nabwire akawatia mdomoni. Walikuwa na ule utamu wa mafuta aliokua nao, na kwa dakika moja akasahau kilichomleta.

Aliyeona wa kwanza ni Mama Egesa, jirani. Hakupiga kelele. Alisimama tu, sufuria mkononi, akasema, "Jamani. Kwenye mihogo."

Mihogo ilikuwa ikigawanyika yenyewe. Kisha kikatokea kichwa, kipana kama jembe, na ulimi mrefu wenye ncha mbili ukaingia na kutoka, ukaionja hewa kushoto, ukaionja kulia. Bi Mkubwa alitembea bila haraka, miguu imetanuka, mkia ukichora mstari nyuma yake.

"Shangazi, acha kupiga," Nabwire alisema kwa sauti ya chini. "Mtu asikimbie. Yeye hufukuza kinachokimbia. Tembeeni hadi barazani, mmoja mmoja."

Wakatembea. Nani angebisha? Nabwire alikuwa wa mwisho. Bi Mkubwa akapita pale walipokuwa wameketi, akaiangusha sufuria, akapanda kichuguu. Alipoingiza kichwa chini ya shuka, shuka likamng'ang'ania, akawa amesimama pale juu na maua mekundu kichwani kama mama anayekwenda kanisani. Mmoja barazani akaanza kucheka kwa woga, akazibwa mdomo na mwenzake.

Bi Mkubwa akalitikisa shuka likaanguka, akaanza kukwangua. Kucha zake zilichimba mahali pamoja tu, upande wa mashariki, kama mtu anayejua alipoacha ufunguo. Udongo ulikuwa mgumu. Akakwangua tena, akaingiza ulimi katika tundu alilochimba, akauacha humo kwa muda mrefu. Halafu akatulia kabisa. Akatazama juu, akatazama gogo na vijiti, akashuka. Alirudi kwenye matete kwa njia ileile aliyojia, polepole kuliko alivyokuja.

Nabwire alimjua mnyama huyu kwa miaka kumi na miwili. Kenge jike mkubwa hutaga ndani ya kichuguu, akaondoka, akawaachia mchwa kazi yote. Wao huziba tundu, wao huyatunza mayai yasipoe wala yasikauke, miezi minane au tisa. Harudi tena hapo ila kwa sababu moja. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha na udongo ukalainika, huja kuwafungulia watoto. Bi Mkubwa alikuwa amesikia mvua. Amekuja, amekuta pakavu.

Akaenda kwenye kichuguu peke yake, akapiga magoti, akachungulia. Ndani, urefu wa mkono mmoja, yalikuwapo. Meupe, makubwa kama maembe, ngozi yake laini. Aliona saba, na nyuma ya hayo giza lenye mengine. Moja lilitikisika.

"Mangapi?" Shangazi Taaka alikuwa amesimama nyuma yake.

"Naona saba. Kwa kawaida huwa arobaini."

Shangazi akatazama vijiti ambavyo bado alikuwa amevishika. Akavitupa chini.

"Kwa hiyo nimemwita mwenyewe," akasema. "Kwa mikono yangu hii."

*

Sheria ya Makao watu wote wa mtoni waliijua kwa moyo kama sala. Kenge mkubwa anapotaga, hatua mia nne kila upande huwa ardhi yake, kwa jina lake, milele. Watu waliomo hujengewa nyumba kwingine na kupewa shamba la ukubwa uleule. Hawarudi, wala hawazikani tena humo. Na sheria hiyo haikuamini picha. Picha zilikwisha kuwa mzaha siku nyingi, maana mashine yoyote ingeweza kukutolea babu yako akicheza mpira mwezini. Mahakama ilimwamini shahidi tu, mtu aliyekwenda kwa miguu yake, akaona kwa macho yake, akasema kwa sauti kiapo kikiwa kooni. Nchi nzima mashahidi walikuwa kumi na wawili, Nabwire mmoja wao. Hakuna aliyewahi kusema uongo, na kama yupo basi hakujulikana.

Wanawake wengine walikwenda makwao kimya. Jikoni wakabaki Nabwire na shangazi yake. Shangazi alikaanga kumbikumbi kwenye sufuria kavu, maana chakula hakitupwi kwa sababu una huzuni. Kiapo kikatetemeka kooni mwa Nabwire, na sauti ya Sajili, mashine inayotunza kauli za mashahidi, ikasikika jikoni mle, ya kike, ya adabu.

"Shahidi Nabwire. Kenge nambari thelathini na moja ametoka kwenye matete mchana. Tunaomba sababu kabla ya saa sita mchana kesho."

"Nimesikia," Nabwire alisema, kidole kikiwa juu ya kidude.

Shangazi alingoja mpaka akawa na hakika kwamba kile kidude kimenyamaza. "Kinatusikia sasa?"

"Hapana. Kinasikia nikikigusa tu."

"Vizuri." Akatia chumvi. "Sasa nisikilize na usinikatize. Mvua ya kweli iko karibu, wiki mbili, tatu. Mimi sitagusa kichuguu. Kumbikumbi wa mwaka huu wote nawaachia hao watoto wa Bi Mkubwa. Tutaziba lile tundu leo hii. Mvua ikinyesha, mama yao atakuja, atawatoa, watakwenda kwenye matete yao. Mimi nitakuwa nimejifungia ndani nasali rozari. Wewe kesho utakiambia hicho kifungo chako kwamba alisikia vijiti akaja kutazama. Si kweli alisikia vijiti?"

"Ni kweli."

"Basi nani ameumia?"

Nabwire akakaa na swali hilo. Lilikuwa swali zuri. Kadiri alivyolichunguza ndivyo alivyoona kwamba kenge hakuumia, shangazi hakuumia, na kaburi la baba yake, lililokuwa hatua arobaini kutoka pale alipoketi, lingeendelea kupaliliwa. Alitamani sana kusema ndiyo. Alimpenda huyu mwanamke kuliko mtu yeyote aliye hai. Alilelewa humu ndani na yeye tangu ana miaka saba, akala mihogo yake, akachapwa kwa mwiko wake, akasomeshwa kwa samaki aliowakausha mwenyewe. Shangazi aliachika kwenye ndoa akarudi kwa ndugu yake, na ndugu alipokufa, nyumba hii na kichuguu hiki ndivyo alivyoachiwa.

"Kuna Namudu," Nabwire akasema mwishowe.

"Namudu gani?"

"Wa ng'ambo ya mto. Yule niliyemhamisha mwaka juzi, yeye na nyumba kumi na moja. Mama yake alikuwa hajafika hata arobaini tangu azikwe. Aliniuliza kama ingekuwa kwetu ningefanya vile."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sheria haina shangazi."

Shangazi Taaka akaguna. Akapakua kumbikumbi kwenye sahani mbili, akasukuma moja. "Ulikuwa na maneno matamu sana siku hiyo. Yeye akasemaje?"

"Alisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Akafunga mlango."

Wakala. Kuku waliingia wakafukuzwa. Nje jua lilikuwa bado kali, na hakukuwa na wingu hata la kuombea.

"Nikuulize jambo, mwanangu," Shangazi akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na utani. "Julai mwaka jana huyo mnyama alikaa kichuguuni kwangu siku mbili. Nilikupigia simu. Nikakwambia anachimba. Unakumbuka uliniambia nini?"

Nabwire alikumbuka. Tangu aone lile yai likitikisika alikuwa anakumbuka hilo tu.

"Niliwaambia nyote wawili kitu kimoja, wewe na Sajili. Kwamba anaota jua, anapumzika."

"Ulikuja kutazama?"

"Sikuja."

"Ingekuwa kwa Namudu ungekwenda?"

"Siku ileile, shangazi. Ningekwenda usiku na tochi."

Shangazi aliweka sahani chini. "Mimi nilikuamini. Nilisema Nabwire ndiye anayewajua kenge kuliko watu wote, akisema hakuna kitu basi hakuna. Unadhani ningejua kuna mayai mle ningechukua vijiti mimi? Ningekaa kimya kama jiwe! Hata jirani nisingemruhusu akohoe! Umeniacha nikapiga ngoma ya kujifukuza kwangu."

Nabwire aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Miaka kumi na miwili alikuwa amejiambia kwamba hajawahi kusema uongo, na kumbe uongo wake ulikuwa umekaa humu nyuma ya nyumba tangu Julai, unatunzwa na mchwa.

*

Asubuhi yake walikunywa chai. Saa nne Nabwire alikwenda kupalilia kaburi la baba yake, ingawa halikuwa na magugu ya maana. Saa tano akasimama mbele ya kichuguu. Tundu alikuwa ameshaliziba kwa udongo mbichi alioukanda mwenyewe jana yake, na mchwa walikuwa wamelimalizia kwa ndani, kazi safi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mikono mapajani, akimtazama.

"Unasema?" akauliza.

"Nasema."

"Hata baada ya yote niliyokueleza jana?"

"Shangazi, ulilonieleza lote lina akili. Ningekuwa mtu mwingine yeyote, ningelikubali. Lakini Namudu analala leo katika nyumba asiyoitaka kwa sababu ya neno langu. Neno lenyewe likiwa linafanya kazi kwa wengine tu, basi nilimwibia."

Nabwire akagusa koo.

"Shahidi Nabwire," ilisema sauti. "Tunakusikiliza."

"Kenge nambari thelathini na moja alikuja jana alasiri kwenye kichuguu alichotagia. Watu walikuwa wakipiga mvua, akadhani ni mvua. Nimeyaona mayai kwa macho yangu. Nimehesabu saba, na yapo mengine sikuweza kuyafikia. Moja niliona likitikisika. Yako hai."

"Mwenye ardhi?"

"Taaka binti Okumu. Shangazi yangu, aliyenilea. Na ndani ya hatua mia nne mna kaburi la baba yangu."

"Imeandikwa. Una lingine la kuongeza?"

Swali hilo huulizwa kila mara mwishoni, na kila mara mashahidi hujibu sina. Nabwire alilijibu hivyo mara hamsini na zaidi.

"Ninalo," akasema. "Tarehe kumi na nane na kumi na tisa Julai mwaka jana niliandika kwamba kenge huyu alipumzika hapa. Sikuja kuona. Niliambiwa anachimba, nikajifanya sikusikia, kwa sababu palikuwa kwetu. Kauli ile ilikuwa ya uongo."

Upande wa kizingiti, Shangazi alikuwa amesimama.

"Shahidi," sauti ikasema, na mtu angeweza kudhani imepoa kidogo, ingawa mashine haina sababu ya kupoa. "Unaelewa kwamba maneno haya yanakuondoa kwenye orodha? Kauli zako zote za miaka kumi na miwili zitapitiwa upya, na kila uliyemhamisha ataulizwa kama anadai kusikilizwa tena."

"Naelewa. Waanze na Namudu wa ng'ambo ya mto."

"Imeandikwa."

Kiapo kikalegea. Kikaachia ngozi, kikaanguka kwenye nyasi miguuni pake. Mahali kilipokuwa palikuwa peupe na pa baridi, akapasugua kwa kidole. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Shangazi Taaka alishuka kizingiti, akaja hadi karibu, akakitazama kile kidude chini kana kwamba kitaruka.

"Kama wewe si shahidi tena," akasema polepole, na usoni mwake tumaini likachungulia, "basi hata hili la leo si limekufa?"

Nabwire alitikisa kichwa. "Atakuja mwingine Ijumaa kuangalia. Mayai atayakuta, na atasema alichokiona."

"Ijumaa."

"Ndiyo. Na watakupa siku thelathini."

"Siku thelathini za nini? Nikae nikimtazama mgeni akipima shamba la baba yangu kwa hatua zake?" Alivuta pumzi, akageuka akaingia ndani. Nabwire akasikia mlio wa vitu vikisukumwa, sanduku likiburutwa, sufuria zikigongana, na Shangazi akijisemea kwa Kinyala maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kutoka kwa mtu aliyemlea. Kisha kitanda kikatokea mlangoni, kile cha mbao nzito ambacho alizaliwa juu yake baba yake Nabwire, kimekwama nusu ndani nusu nje. Nyuma yake Shangazi alikuwa anahema, machozi yakimtiririka waziwazi, hata hakujisumbua kuyafuta.

"Sijakusamehe," akasema. "Na usiniulize lini. Shika huo upande wako, unyanyue, mlango huu ni mwembamba."

Nabwire akaushika.